Ukifanya kazi peke yako: jinsi ya kuwa na wenzako mtandaoni

Mfanyakazi wa kujitegemea anaweza kuwa ndani ya makundi 20 ya WhatsApp na bado akamaliza mwezi bila mtu hata mmoja kujua wiki hii anafanya kazi gani, amekwama wapi, na ni mteja yupi anayemzungusha malipo. Simu inalia kutwa nzima, lakini katika jumbe zote hizo hakuna inayomhusu. Ofisini mambo haya hujiendea yenyewe: mwenzako anakuona umeshika tama, anauliza kulikoni. Ukiwa peke yako hakuna anayekuona, kwa hiyo kile kilichokuwa kikitokea kwa bahati sasa inabidi kipangiwe watu, saa na swali. Programu utakayotumia ni jambo dogo kuliko wengi wanavyodhani.

Jua kwanza unachokosa

Chukua karatasi uandike kila mara ambapo, katika wiki 2 zilizopita, ulitamani kuwa na mtu wa kazi yako karibu. Usiandike "upweke", andika tukio lenyewe. Nilikaa saa nzima nikiogopa kufungua faili. Sikujua nimtoze mteja kiasi gani kwa marekebisho ya tatu. Nilituma kazi yenye kosa ambalo mtu mwingine angeliona mara moja. Ukimaliza utakuta matukio yanaangukia mafungu manne, na kila fungu lina tiba yake.

La kwanza ni kukosa mtu wa kukaa naye tu wakati wa kazi. Hilo linatibiwa na simu ya kazi ya kimya, ambayo tutaifikia. La pili ni swali la ufundi: programu inagoma, fonti haitokei, fomula inaleta jibu la ajabu. Swali kama hilo lipeleke kwenye jumuiya kubwa ya wazi ya watumiaji wa programu hiyo, kwa kuwa watu wakiwa wengi ni rahisi kumpata mmoja aliyewahi kukutana na tatizo lako. La tatu ni jicho la pili, juu ya kazi na juu ya maamuzi. Hapa wingi haukusaidii kitu. Wanasaidia wachache wanaokujua. La nne ni habari za soko: nani anatafuta mtu, nani halipi, bei zimefika wapi.

Kukata tamaa kwingi huanzia kwenye kuchanganya mafungu haya. Mtu anakosa jicho la pili, anajiunga na kundi la watu 1,024 (ndicho kikomo cha kundi la WhatsApp), anatuma rasimu yake, anapata vidole gumba kadhaa na maoni ya mtu ambaye hakuifungua. Anahitimisha kwamba mtandaoni hakuna msaada. Msaada upo, ila swali lake lilikuwa la watu watano wanaomfahamu.

Kikundi cha watu 4 hadi 6

Kwa fungu la tatu na sehemu ya la nne, unda kikundi chako. Idadi ina sababu za hesabu tu. Mkiwa 3 na mmoja akapata dharura, mnabaki 2, na kikao kinageuka mazungumzo ya kawaida. Mkiwa 8, ama kikao kinafika saa moja na nusu, ama kila mtu anapata dakika 6 ambazo hazitoshi hata kueleza tatizo. Watu 5 kwa dakika 10 kila mmoja ni dakika 50, na saa moja inatosha kila kitu.

Wazo lenyewe si la mtandaoni. Mwaka 1727, Benjamin Franklin, mpiga chapa aliyekuja kuwa mwanasiasa wa Marekani, aliunda mjini Philadelphia klabu iliyoitwa Junto, ya mafundi na wafanyabiashara wadogo waliokutana Ijumaa jioni. Walikuwa na orodha ya maswali ya kudumu, mojawapo likiuliza nani mjini biashara yake imeanguka karibuni na kwa sababu gani, jingine nani amefanikiwa na kwa njia ipi. Kikomo kilikuwa watu 12. Wanachama walipotaka kuwaingiza rafiki zao, Franklin alikataa kuikuza klabu. Akapendekeza kila mwanachama aende akaunde klabu nyingine ndogo yake. Uamuzi huo unafaa kuigwa hata leo. Kikundi kizuri huvutia watu, na kinachokiua mara nyingi ni ukarimu wa kuongeza "mmoja tu".

Nani wa kumwalika? Tafuta watu walio katika ngazi yako au hatua moja juu au chini. Aliyekuzidi mbali atageuka mwalimu, nanyi mtakuwa wasikilizaji, na baada ya vikao vichache atachoka kutoa bila kupokea. Wawili au watatu wawe wa fani yako hasa. Waliobaki watoke fani jirani. Mwandishi akae na mhariri, mfasiri, mbunifu wa michoro, mtengeneza tovuti. Fani zikiwa jirani mnaelewana kazi bila kugombania mteja mmoja, na kazi zinaweza kuvuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Usimwalike mteja wako wa sasa, hata akiwa rafiki mkubwa: mbele yake hutasema kwamba umechelewa au kwamba bei yako ni ndogo mno, na hayo ndiyo hasa ya kusemwa.

Wapatikane wapi? Anza na unaowajua tayari kwa kazi yao: uliowahi kufanya nao mradi mmoja, mliosoma au kuajiriwa pamoja, mtu aliyekurekebishia kitu bila kukudharau. Wasipotosha, kaa kwenye jumuiya kubwa moja ya fani yako kwa wiki 2 ukiangalia bila haraka. Usiangalie wanaojibu sana. Angalia wanaouliza vizuri, wanaorudi kusema suluhisho lilifanya kazi au halikufanya. Hao ni watu wa kikao.

Mwandikie kila mmoja peke yake. Tangazo la jumla ("nani anataka tuunde kikundi?") huleta watu wenye shauku ya siku moja. Ujumbe unaofaa ni mfupi na una mipaka:

"Habari za kazi. Nimekuwa nikifuatilia maswali yako kuhusu wateja wa muda mrefu na yamenisaidia. Nawaalika watu wanne tunaofanya kazi kila mtu kivyake tukutane kwa simu saa moja, mara moja kila wiki 2, kwa vikao 6. Kila mtu analeta jambo moja alilokwama, tunalijadili, basi. Baada ya vikao 6 tunaamua kama tunaendelea. Ungependa? Ukisema hapana hakuna neno."

Vikao 6 kila wiki 2 ni karibu miezi mitatu. Kikomo hicho ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Mtu huogopa kukubali jambo lisilo na mwisho, na mtu asiyeufaa mkutano hupata mlango wa kutokea bila aibu.

Kikao chenyewe

Siku moja kabla ya kikao, kila mtu aandike kwenye kundi jambo lake kwa mistari mitatu au minne. Asiyeandika anakuja kusikiliza, hapewi zamu. Sharti hili linaonekana kali lakini ndilo linalookoa muda, kwa sababu nusu ya matatizo hujifumbua yenyewe wakati mtu anayaandika.

Kwa watu 5, saa moja igawanywe hivi:

1. Dakika 5 za mwanzo: salamu, na kila mtu kusema kwa sentensi moja kama alitimiza alichoahidi kikao kilichopita.
2. Dakika 10 kwa kila mtu. Ndani yake, dakika 2 za kueleza, dakika 2 za wengine kuuliza maswali ya kuelewa tu, dakika 5 za mjadala, dakika 1 ya mwenye jambo kusema atafanya nini.
3. Dakika 5 za mwisho: ahadi ziandikwe kwenye waraka wa pamoja, mwongozaji wa kikao kijacho atajwe.

Zile dakika 2 za maswali zisirukwe. Binadamu akisikia tatizo hukimbilia kutoa dawa, na dawa anayotoa huwa ya tatizo alilowahi kuwa nalo yeye. Mtu anasema mteja wake anachelewesha malipo. Kabla hajamaliza anashauriwa atishie kwenda mahakamani, kumbe ankara ilitumwa kwa mtu asiyehusika na uhasibu. Swali moja, "ankara ulimtumia nani?", lingemaliza jambo.

Awepo mtunza muda, naye asiwe mwongozaji. Atumie kengele ya simu inayosikika na wote, maana mashine inapolia hakuna anayeona amekatizwa na mwenzake. Zamu za mwongozaji na mtunza muda zizunguke. Aliyeanzisha kikundi akiongoza kila mara, siku akiugua kikundi kinaugua naye.

Angalia pia kikomo cha programu mnayotumia. Zoom ya bure hukata kikao kwenye dakika 40. Google Meet ya bure huruhusu dakika 60 mkiwa watu 3 au zaidi. Simu ya WhatsApp haina kikomo hicho na hubeba watu 32, na unaweza kuonyesha skrini, ingawa maandishi madogo ya skrini ya kompyuta hayasomeki vizuri kwenye simu ya mkononi. Mkilazimika kutumia dakika 40, gawanyeni upya tangu mwanzo: watu 4 kwa dakika 9. Kukatwa katikati na kurudi kwa kiungo kipya kunapoteza dakika kadhaa, na daima kuna mmoja asiyerudi.

Swali linalojibika

Ubora wa kikundi ni ubora wa maswali yake. "Mnaionaje tovuti yangu?" si swali, ni kuomba sifa, na sifa ndizo utakazopata. Swali linalojibika lina sehemu tatu: hali ilivyo, ulichokwisha kujaribu, na uamuzi unaotaka kuufanya. Kwa mfano: "Mteja wangu wa miezi 8 ameomba nipunguze bei kwa asilimia 20 kwa sababu anaongeza kazi. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Ninachagua kati ya kukubali kwa masharti ya kiasi cha chini kila mwezi, au kukataa. Kipi, na nimwandikie vipi?" Hapo mtu wa fani yoyote ana pa kushika.

Ukiomba kazi yako isomwe, taja ni ngazi gani ya maoni unayotaka. Rasimu ya kwanza inahitaji mtu aseme kama mpangilio unaeleweka. Kazi inayokwenda kwa mteja kesho inahitaji macho ya makosa madogo. Usipotaja, mmoja atakurekebishia alama za uandishi kwenye aya ambayo ulikuwa uifute. Na usipeleke kurasa 30 kwa watu wenye kazi zao: kurasa 2 zenye shaka zinatosha.

Kufanya kazi pamoja kwa kimya

Hii ndiyo tiba ya fungu la kwanza, na wengi huiona ya kipuuzi hadi wanapoijaribu. Watu wawili au zaidi wanafungua simu, kila mmoja anataja kazi yake, wanazima maikrofoni, wanafanya kazi, kisha mwishoni kila mmoja anasema amefika wapi. Hakuna la ziada. Inafanya kazi kwa sababu umemtamkia mtu jambo moja na baada ya muda mfupi atakuuliza.

Muda wa dakika 50 za kazi na 10 za kupumzika unafaa kwa uandishi, kuandika programu za kompyuta na usanifu. Kwa kazi unayoikwepa, fupisha: dakika 25 na mapumziko ya 5, mpango uliobuniwa na Francesco Cirillo miaka ya 1980 na unaojulikana kama Pomodoro. Wasio na mwenza wanaweza kutumia tovuti ya Focusmate, inayokuunganisha na mtu mmoja kwa vipindi vya dakika 25, 50 au 75. Bila kulipa unapata vipindi 3 kwa wiki. Kikundi kilichozoeana kinaweza kuacha chumba cha sauti wazi kwenye Discord (programu ya gumzo na sauti), anayetaka aingie na kutoka bila kupanga miadi.

Andika kazi yako kwenye gumzo la simu hiyo kabla ya kuanza, tena kwa kipimo: "aya 3 za sehemu ya pili", si "kuendelea na ripoti". Mwishoni kila mtu apewe nusu dakika, si zaidi. Kipindi huharibika pale mapumziko ya dakika 10 yanapozaa hadithi ya dakika 40. Dawa yake ni kuweka kengele ya kurudi kazini kabla ya kufungua maikrofoni.

Kuhusu data, hesabu ni rahisi. Video inayopita kwa kilobiti 600 kwa sekunde hula megabaiti 270 kwa saa kwa kila upande. Ukijumlisha inayokwenda na inayokuja, ni megabaiti 540. Sauti pekee kwa kilobiti 80 ni megabaiti 36 kwa kila upande, jumla 72. Kwa hiyo fungueni video dakika ya kwanza na ya mwisho, katikati zimeni. Kinachofanya kazi hapa ni miadi, si sura. Mkiwa wengi, video ya kila mmoja inaongeza mzigo kwa wote, na mwenye mtandao dhaifu ndiye wa kwanza kudondoka.

Kati ya kikao na kikao

Kikundi cha watu 5 kinahitaji mahali pamoja pa kuandikiana, si pawili. Mkiwa na barua pepe, WhatsApp na Slack kwa wakati mmoja, kila jambo litatafutwa mara tatu. Chagueni kile ambacho wote hukifungua kila siku hata bila ninyi. Kwa watu wengi ni WhatsApp au Telegram, na hakuna sababu ya kuona haya kwamba si cha kisasa zaidi.

Kila ujumbe uanze na neno linalosema ni wa nini: SWALI, KAZI, TAARIFA, POROJO. Mwenye haraka atasoma SWALI na KAZI, mengine atayakuta jioni. Porojo zisipigwe marufuku. Kundi lisilo na utani hufunguliwa mtu anapohitaji kitu tu, na polepole linakuwa ofisi ya kuombea msaada.

Jumbe za sauti zina ugomvi wa kudumu. Ni rahisi kwa anayetuma, ni mzigo kwa anayepokea, na haziwezi kutafutwa baadaye. Kanuni ya haki: zisizidi dakika moja, na chini yake kuwe na mstari mmoja wa maandishi unaosema zina nini.

Maamuzi, violezo vya mikataba na viungo muhimu viwekwe kwenye waraka wa pamoja, visiachwe ndani ya mazungumzo. Slack ya bure, kwa mfano, huonyesha jumbe za siku 90 zilizopita tu. Jibu zuri la mwezi wa kwanza utalikosa mwezi wa tano. Na zima arifa. Pangia kundi nyakati mbili kwa siku, moja kabla ya chakula cha mchana na moja mwisho wa kazi. Asiye na mpaka huu ataishia kuwa na wenzake wengi na kazi kidogo, kisha atalilaumu kundi.

Saa

Mkiwa katika nchi tofauti, andikeni saa kwa tarakimu za saa 24 pamoja na UTC, saa ya pamoja ya dunia: "Jumanne 17:00 UTC". "Saa 3" iliyoandikwa kwa Kiswahili inaweza kusomwa saa tatu au saa tisa kulingana na anayesoma, na kikao kizima kikapotea. Mwaliko wa kalenda ni salama zaidi kwa sababu kila kifaa kinageuza chenyewe.

Kuna mtego wa misimu. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nchi za Umoja wa Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Nchi nyingi za ukanda wa tropiki hazigusi saa kabisa. Hivyo kuna majuma kadhaa ya Machi, na moja mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, ambapo tofauti mliyoizoea si sahihi. Amueni mapema kikao kinafuata saa ya nani, na mtu mmoja akumbushe wengine majuma hayo yakifika.

Siri za wateja, na bei

Kabla ya kuonyesha chochote cha mteja, soma kifungu cha usiri kwenye mkataba wako. Vingi vinakataza kuonyesha kazi kwa mtu wa tatu hata kama ni mwenzako wa karibu, na "tulikuwa 5 tu" si utetezi. Njia salama ni kubadilisha: ondoa majina, tarakimu na nembo, eleza tatizo badala ya kuonyesha faili. Ukifunika sehemu ya picha ya skrini, tumia umbo jeusi kamili, kisha hifadhi kama picha mpya. Brashi ya rangi nyepesi wakati mwingine husomeka mtu akiongeza mwangaza. Unapoonyesha skrini kwenye simu, onyesha dirisha moja badala ya skrini nzima, na zima arifa za barua pepe. Aibu nyingi hutokea kwa ujumbe unaochomoza pembeni.

Kuhusu bei, semeni wazi. Ficho la bei humnufaisha mnunuzi peke yake. Ili takwimu ziwe na maana, kila anayetaja bei aongeze vitu vinne: ukubwa wa kazi, muda ilioutumia kweli, idadi ya marekebisho, na kama mteja alilipa sehemu kabla. Bei isiyo na hivyo vinne huwapotosha wenzako kuliko kuwasaidia.

Lakini tofautisheni kusimulia mlichotoza na kukubaliana mtakachotoza. Katika nchi nyingi, anayejitegemea huhesabika kama biashara, na biashara zinazopatana bei zinaweza kuvunja sheria za ushindani. Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo mwaka 2022 unaoeleza ni lini wanaojitegemea peke yao wanaweza kujadiliana kwa pamoja na mteja. Kwingine sheria ni nyingine. Kikundi kidogo kinachozungumzia uzoefu hakina haja ya hofu, ila "kuanzia leo hakuna anayeshuka chini ya kiasi hiki" ni sentensi ya kuepuka kuandika popote.

Watu wa mbali

Kikundi cha ndani kina udhaifu mmoja: baada ya muda wote mnajua yale yale. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973, aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua kwamba walikuwa wakionana naye mara ngapi. Karibu asilimia 17 walisema mara kwa mara. Asilimia 56 hivi walisema wakati mwingine, na 28 kwa nadra. Habari za kazi zilitoka kwa watu wa mbali kidogo, kwa sababu hao huzunguka mahali ambapo wewe hupo.

Tunza basi orodha ya watu 30: wateja wa zamani, watu wa fani jirani, mliokutana mradini. Andikia wawili kila wiki. Kila mmoja atakuwa amefikiwa ndani ya wiki 15, zaidi ya mara tatu kwa mwaka. Ujumbe uwe na kitu cha kumfaa: kiungo cha zabuni isiyokufaa wewe, pongezi ya kazi uliyoiona, jibu la swali alilowahi kuuliza. Ombi lije mara chache. Salamu tupu ya "mambo vipi, kimya sana" humwachia yeye kazi ya kutafuta cha kusema, ndiyo maana hajibu.

Ukipata kazi usiyoweza kuifanya, ipitishe kwa utaratibu. Muulize mteja kama anapenda umtajie mtu. Muulize mwenzako kama ana nafasi. Kisha waunganishe kwa ujumbe mmoja unaosema kwa ukweli umemfahamu mwenzako kwa kazi gani. Kama kuna kamisheni, itajwe kabla ya kuwaunganisha, kwa asilimia na kwa muda: ya malipo ya kwanza tu, au ya miezi mingapi. Urafiki wa kazi huvunjika kwa kamisheni ambayo mmoja aliidhania na mwingine hakuisikia.

Kwenye makundi makubwa kuwa macho. Anayetangaza kazi kisha akadai ulipe ada ya usajili, vifaa au mafunzo kabla ya kuanza, mwache. Anayeomba umsomee tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yako "kwa bahati mbaya" anataka kuchukua akaunti yako, hata ujumbe ukitoka kwa namba ya mtu unayemjua, kwani huenda yake imeshachukuliwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kila akaunti unayoitumia kwa kazi.

Kikundi kinapolegea

Dalili ya kwanza si ugomvi. Ni vikao viwili mfululizo vinavyoahirishwa kwa ukarimu: "sote tuna kazi nyingi, tukutane wiki ijayo". Kanuni ya kuzuia hilo ni kwamba kikao hakiahirishwi. Wakiwepo watu 2 kinafanyika, hata kwa dakika 30.

Dalili ya pili ni mtu mmoja anayeleta jambo lile lile kila mara. Mwongozaji amuulize, tena kwa upole, ni kipi alichokifanya kati ya yale aliyoahidi. Mara nyingi utakuta hana tatizo la ushauri. Ana mkataba mbaya anaoogopa kuuvunja, au deni, na msaada anaouhitaji ni wa aina nyingine. Ya tatu ni lawama kwa wateja kumeza kikao. Wapeni malalamiko dakika zake 5 mwanzoni, yaishe hapo.

Mshindani akichukua mteja wa mwenzake ndani ya kikundi, zungumzeni kikao kile kile, kwa sauti, si kwa maandishi. Kanuni iandikwe tangu siku ya kwanza: mteja aliyetajwa kikaoni hatafutwi na mwingine bila kumuuliza aliyemtaja. Anayeivunja mara ya pili anaondoka.

Na mkifika kikao cha sita na wawili wakasema inatosha, fungeni vizuri. Kila mtu apakue anachohitaji kwenye waraka wa pamoja, faili za wengine zifutwe, ruhusa za kuingia ziondolewe, kundi la gumzo lifungwe badala ya kuachwa wazi likiwa kimya. Wanaotaka kuendelea waanze kundi jipya na tarehe mpya, na waliotoka wahamie kwenye orodha ya watu 30.